Kutoka Krapf hadi LoRA: nani aliifundisha mashine Kiswahili chake?

Najua nimepotea. Wale mlioniuliza kama nimehama Likoni, jibu ni la, bado niko huku huku ng'ambo, bado nasukumana na wenzangu kwenye feri kila asubuhi. Nilichokuwa nikifanya miezi hii yote ni kujaribu kuifundisha kompyuta Kiswahili cha mamangu. Nimefaulu nusu na kushindwa nusu, na katika kule kushindwa nikajikuta nasoma historia badala ya kuandika programu. Leo nawapa hiyo historia. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo wekeni chai karibu.

Kisa kilianza hivi. Nilikuwa namwonyesha mamangu moja ya hizi modeli kubwa za lugha, zile mashine unazoziuliza swali zikakujibu kama mtu. Akaniambia, "Hebu iandikie kama nisemavyo mimi." Nikaandika alivyosema: "Mjukuu wangu ametuteka sana leo." Mashine ikajibu kwa upole mkubwa. Ikasema inasikitika kusikia kwamba tumetekwa, ikatutaka tutafute mahali salama na tuwaite polisi.

Mamangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa wale wasiojua, Kiswahili cha Mvita husema kuteka pale Kiswahili cha vitabuni kinaposema kucheka. Macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, na ukiambiwa "ndoo" usiende kutafuta chombo cha maji, unaitwa wewe. Kimvita kina T za namna mbili na mzee yeyote wa hapa atakutofautishia kwa ulimi, lakini kwenye kibodi zote ni T ile ile moja.

Tulicheka, ndiyo. Lakini usiku nikawa siwezi kulala. Mashine hizi sasa zinawekwa kujibu wagonjwa, wakulima, watu wanaotafuta huduma serikalini. Mama wa Mtongwe akiandika kwamba mwanawe "hateki" kama zamani, nani atamwelewa? Nikajiuliza hii mashine ilijifunza Kiswahili kwa nani. Swali hilo likanirudisha nyuma karibu miaka 180, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu iko huku kwetu, ng'ambo hizi hizi za Mombasa.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande wa bara, kule Nyali. Yeye akabaki, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na mwenzake Rebmann. Kazi yake kubwa, ukiitazama kwa jicho la mtu wa kompyuta, ilikuwa kukusanya data. Aliuliza watu maneno, akayaandika, akayapanga. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, na ndani yake Kiswahili cha Mombasa kimejaa tele.

Kisha ikaja Freretown. Mwaka 1875 chama cha kimisionari cha CMS kilianzisha makao hayo hapa Kisauni kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele waliyoitundika kuonya wavamizi ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni, pale mnapopandia matatu. Watu wa Freretown walitoka mbali, Wayao, Wamakua, watu wa ziwa Nyasa, na wengine walikuwa wamelelewa India. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili walichojifunza ukubwani. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba ng'ambo hii iliwahi kuwa na Kiswahili kimoja safi. Likoni kuna Kidigo kila upande, Kisauni kuna Kigiriama, Changamwe reli na viwanda vilileta watu wa kila pembe ya Kenya. Na bado Wachangamwe na Wajomvu wamo katika orodha ya Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa tangu enzi na enzi.

Aliyenivutia zaidi ni mmisionari mwingine wa CMS, William Taylor. Huyu aliona kwamba herufi za Kizungu hazitoshi kushika sauti za Kimvita, akaweka alama za ziada juu na chini ya herufi. Mwaka 1891 alichapisha kitabu cha methali za Waswahili. Alifanya kazi na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu kabla hayajapotea. Mimi humwita Mwalimu Sikujua mkusanyaji wetu wa kwanza wa data, na watu wa kompyuta wenzangu hawamjui hata kwa jina. Diwani yenyewe ilitoka mwaka 1940, yeye akiwa ameshafariki miaka mingi, na jina lililokaa juu kama mhariri ni la Mzungu, Hichens.

Basi, hadi hapo Kimvita kilikuwa na kamusi, methali, mashairi na watetezi. Unguja nako Askofu Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870, na wamisionari wa huko walivutia kwao. Mwaka 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kuamua lahaja ipi iwe ya shule na vitabu. Walikutana wapi? Hapa hapa Mombasa. Na hapa hapa Mombasa wakaamua Kiunguja. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya lugha ya nchi hizo nne, na kitabu cha shule kilihitaji kibali chake. Mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Bila lugha moja ya maandishi nisingekuwa naelewana nanyi mnaonisoma Mwanza na Bukavu. Lakini angalia matokeo yake kwa mtu anayefundisha mashine. Tangu 1930 sehemu kubwa ya kilichopita kwenye mashine ya chapa ilipita kwanza kwenye chujio moja. Magazeti, vitabu vya shule, taarifa za serikali, vyote Sanifu. Kimvita kilibaki mdomoni, kwenye mashairi na taarabu, kwenye baraza. Na kompyuta haikai barazani, inasoma kilichoandikwa tu.

Sasa turuke hadi kwenye kompyuta. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza miaka ya 1980 kuandika kanuni za sarufi ya Kiswahili ili kompyuta iweze kulichambua neno kama "nitakapompikia" na kujua ni nani, lini, na anapikiwa nani. Hapo hakuna kujifunza kwenyewe, kila kanuni iliandikwa na binadamu. Mkusanyo wake wa maandishi ulitolewa mwaka 2004 ukiwa na maneno kama milioni 12.5, na toleo la pili la 2016 likafikia kama milioni 25. Humo mna magazeti, vitabu na taarifa za Bunge la Tanzania. Ni kazi ya heshima sana, na ni Sanifu tupu.

Miaka hiyo ya 2000 ndiyo sisi wengine tulipoamka. Mtakumbuka ubishi wetu wa tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kinatafsiri programu za ofisi, wakatoa Jambo OpenOffice. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza mwaka 2003. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti, na mwaka huo huo Google wakaanza kutafsiri Kiswahili. Tuliokuwa tukilipia dakika kwenye saiba tulidhani mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Mwaka 2017 watafiti wa Google walitoa muundo unaoitwa Transformer, na karibu modeli zote kubwa za leo ni wajukuu zake. Wazo la kufundisha ni jepesi kulieleza. Unaipa mashine maandishi mengi, unaificha neno linalofuata, unaiambia ibahatishe. Ikikosea, unarekebisha kidogo kidogo mamilioni ya namba zilizo ndani yake. Rudia mara mabilioni. Mwishowe zile namba zinabeba sarufi, habari za dunia, na tabia zote za walioandika maandishi yale. Ukiilisha Sanifu, itasema Sanifu.

Na Kiswahili ilicholishwa kilikuwa kiasi gani? Chukua XLM-R, modeli ya lugha 100 iliyotolewa na Facebook mwishoni mwa 2019. Kiswahili kilikuwa na gigabaiti 1.6 za maandishi, Kiingereza gigabaiti 300.8. Lakini hiyo ni karamu ukilinganisha na Llama 2 ya mwaka 2023. Waliotengeneza waliweka jedwali la lugha zote zilizofika angalau asilimia 0.005 ya data. Kiingereza asilimia 89.7. Kislovenia kimo, Kikroati kimo. Kiswahili hakimo kabisa kwenye jedwali! Lugha ya mamilioni na mamilioni ya watu haikufika hata hapo.

Wapo waliokataa kukaa kimya. Mwaka 2019 vijana wa Afrika walianzisha Masakhane, wakajitolea kutengeneza tafsiri za mashine za lugha zao. Data yao ya mwanzo, na hapa Krapf angetabasamu, ilikuwa kwa sehemu kubwa maandishi ya Mashahidi wa Yehova, maana ndiyo yaliyopatikana katika lugha zaidi ya 300. Baadaye ikabidi mkusanyo huo uondolewe kwa sababu ya haki za wenyewe. Mwaka 2021 wakatoa MasakhaNER, habari za lugha 10 zilizowekwa alama kwa mkono kuonyesha majina ya watu na mahali, Kiswahili kikiwemo. Hapa Kenya, vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene vilishirikiana kujenga Kencorpus ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, maandishi ya maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti. Na si kila mkono wa Mkenya katika kazi hii ulilipwa vizuri. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa intaneti ili OpenAI wajenge chujio lao. Hilo nalo ni sehemu ya historia.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo fundi wa kawaida kama mimi anaweza kulifanya, yaani kunoa. Modeli imeshafundishwa na matajiri, wewe unaichukua na kuinoa kwa data yako ndogo. Tatizo ni ukubwa. Modeli ya namba bilioni 7, kila namba ikichukua baiti 2, ni gigabaiti 14 kuifungua tu. Ukitaka kuinoa yote, unahitaji nafasi ya kumbukumbu za marekebisho pia, hesabu inafika kama gigabaiti 112. Kadi ya GPU ya kukopa bure kwenye intaneti ina 16. Mlango umefungwa.

Ufunguo ulikuja mwaka 2021, unaitwa LoRA, kazi ya Edward Hu na wenzake wa Microsoft. Nitaueleza kwa hesabu maana ndiyo utamu wake. Ndani ya modeli kuna majedwali ya namba, tuseme jedwali la 4,096 kwa 4,096. Hizo ni namba 16,777,216. LoRA inasema usiliguse jedwali hilo. Pembeni yake weka majedwali mawili membamba, moja la 4,096 kwa 8 na jingine la 8 kwa 4,096. Ukiyazidisha unapata jedwali la ukubwa ule ule wa kwanza, nalo unalijumlisha juu ya lile la asili. Lakini namba unazozifundisha ni 65,536 tu, pungufu mara 256. Ni kama fundi cherehani anayepunguza kanzu kwa kupiga pindo badala ya kushona kanzu mpya, na pindo ukilichoka unafumua, kanzu iko pale pale. Kwa GPT-3, yenye namba bilioni 175, waliripoti kupunguza namba za kufundishwa mara 10,000, na faili la kuhifadhi likashuka kutoka gigabaiti 350 hadi megabaiti 35. Megabaiti 35! Hiyo unaituma kwa simu ukiwa juu ya feri.

Mwaka 2023 ikaja QLoRA, ya Tim Dettmers na wenzake. Hawa walibana modeli yenyewe hadi biti 4 kwa kila namba, kisha wakaweka pindo juu yake, wakainoa modeli ya bilioni 65 kwa kadi moja ya gigabaiti 48. Kwa modeli yangu ya bilioni 7 maana yake ni gigabaiti 3.5 kuifungua. Mlango ukafunguka.

Kenya kuna mfano mkubwa kuliko wangu. Jacaranda Health, shirika la afya ya mama na mtoto ambalo hujibu maswali ya kina mama kwa ujumbe wa simu, lilitoa mwaka 2023 modeli inayoitwa UlizaLlama. Walichukua Llama 2 ya bilioni 7, ile ile ambayo Kiswahili hakimo kwenye jedwali lake, wakaiongezea mafunzo kwa tokeni kama milioni 321 za Kiswahili, kisha wakainoa kujibu maswali. Tokeni ni vipande vya maneno, na hapa ndipo walipofanya jambo la busara. Llama 2 ina vipande 32,000 vilivyochongwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hivyo neno la Kiswahili hukatwakatwa kama sukuma wiki. Kila kipande ni gharama na ni muda. Wao wakaongeza vipande vya Kiswahili chenyewe. Nilipoisoma habari hiyo niliona kwamba tatizo la Taylor la herufi zisizotosha lilikuwa limerudi kwa sura nyingine.

Nikaamua kujaribu langu. Kwa wiki kadhaa nilikaa barazani kwa mamangu na majirani zake, nikaandika walivyosema, na kando yake tafsiri ya Sanifu. Nilipata sentensi mia sita na kitu. Ni kidogo mno, najua, lakini nilitaka kuona pindo lishike tu. Usiku wa kwanza umeme ulikatika nikiwa nimebakisha robo, na mimi kwa uzembe wangu sikuwa nimehifadhi hata mara moja. Nikaanza upya.

Jaribio lililokamilika nilimpelekea mamangu asubuhi. "Mjukuu wangu ametuteka" ikaelewa, hakuna polisi tena. Akafurahi. Akaniambia iulize itatukaribishaje tukienda kwake. Ikajibu: "Karibuni tai."

Tai! Ilikuwa imejifunza kwamba pwani yetu CH ni T, basi, ikageuza kila CH iliyoiona. Chumba kikawa tumba, chuo kikawa tuo. Hakuna mtu wa Mvita asemaye hivyo. Chai ni chai kwetu kama kwenu. Data yangu ilikuwa imejaa maneno yanayogeuka kwa sababu ndiyo niliyoyatafuta, yasiyogeuka sikuyaandika maana niliyaona ya kawaida. Kosa ni langu wala si la mashine. Nadhani ndilo kosa la kila mkusanyaji, huokota kinachomshangaza na kuacha kinachojaza siku.

Nikarudi barazani, safari hii nikiandika kila kitu, hata "chukua kikombe" na "funga mlango". Nikaongeza pia Sanifu ya kawaida isije ikasahau ilichokuwa inajua, maana modeli ikinolewa sana upande mmoja husahau upande mwingine. Pindo la pili linajua chai. Linajua mtele na mato. Ndoo bado linaikosea, mara mtu anaitwa, mara maji yanatekwa, na kama sentensi ni fupi sioni litajuaje bila kusikia sauti.

Kwa hivyo sasa nimeanza kurekodi. Mamangu ana kaseti za marehemu babangu, sanduku zima, maulidi na harusi za Likoni na mazungumzo ya watu ambao wengine hawapo tena. Kinasa kaseti nimekipata Kongowea, kimekufa mkanda wa mpira. Kama kuna msomaji anajua fundi wa hivyo vitu, Changamwe au Kisauni, aniambie.